Mahame, Majivu na Mimea Ipendayo Udongo Mchachu

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Njombe na Makambako)



Nimeombwa niseme juu ya maua ya kupamba viwanja vya ofisi zetu, hasa rododendroni na azalia, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo. Nitayasema, lakini kwa kuwa wengi wenu mna chai shambani, nitayaeleza pamoja na chai. Mimea hii si ya ukoo mmoja, ila tabia yake ni moja: yote hupenda udongo mchachu.

Asili ya rododendroni nyingi ni milima ya Asia, tangu Himalaya hadi kusini mwa China. Barani Afrika haioti yenyewe, ingawa baridi na ukungu wa Njombe, penye mwinuko wa karibu meta 2,000, si vigeni kwake. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo katikati. Kila namba ishukapo moja, uchachu huzidi mara kumi. Rododendroni hutaka kati ya 4.5 na 6, na chai hustawi kati ya 4.5 na 5.6. Udongo wetu mwingi, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, ni mchachu tayari. Wanaouharibu ni sisi wenyewe.

Katika mashamba yetu yamo mahame, yaani mahali palipokuwa nyumba, jiko au zizi kabla watu hawajahamia vijijini katika miaka ya 1970. Majivu ya miaka mingi yameondoa uchachu wa mahali hapo. Mahindi hunenepa, na mkulima husema: hapa ndipo penye rutuba, nitapanda chai yangu. Miche hudumaa, majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Naye hudhani ni njaa ya mbolea, akaongeza majivu mengine! Kumbe madini ya chuma yamo udongoni, ila pasipo uchachu mizizi haiwezi kuyachukua. Fedha ya miche imepotea, na misimu kadhaa pamoja nayo.

Unga wa salfa huweza kurudisha uchachu, lakini kazi yake ni ya miezi mingi na gharama yake si ndogo. Kwa maoni yangu, mkulima mdogo aachie mahame mahindi, maharage na mboga. Wakati wa kuchukua udongo wa kupimwa, ule wa mahame uwekwe mbali, usichanganywe na wa shamba zima.

Chokaa ya kilimo nayo ni kitu chema panapostahili. Uchachu mkali huachilia aluminiamu, ambayo huumiza mizizi ya mahindi na maharage, chai huivumilia. Viazi mviringo huvumilia uchachu, tena chokaa ikizidi huleta ukurutu wa maganda, na mnunuzi huvikataa. Basi chama kiagizapo chokaa kwa pamoja, kimwulize kwanza kila mwanachama ataimwaga wapi. Kugawa sawasawa kwa eka si haki kama inavyoonekana.

Nirudi kwenye maua. Mizizi ya rododendroni ni myembamba mno na hukaa juu juu. Kwa hiyo mche usizamishwe kupita ulivyokuwa kitaluni, wala jembe lisipite karibu nao. Utandaziwe majani makavu ya misindano, ambayo kwetu hayana bei. Maji yasituame. Makambako ni chini kidogo, pakavu zaidi, na upepo wake mnaujua. Huko mche upate kivuli chepesi na kinga ya upepo, na umwagiliwe wakati wa kiangazi, ikiwezekana kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa.

Wenye ng'ombe wa maziwa na mbuzi wanisikilize hapa. Majani ya rododendroni na azalia yana sumu, na mnyama akiyala huweza kufa. Yapandwe ndani ya uzio, mbali na mapito ya mifugo, na matawi yaliyopogolewa yafukiwe. Yasitupwe kamwe karibu na zizi.