Kinga ya Kompyuta ni Jukumu la Mwenyewe

Programu ya kukinga kompyuta huchaguliwa na mwenye kompyuta, si fundi wa dukani anayeweka nakala ya wizi kwa bei poa. Nakala hiyo mara nyingi haipokei masasisho, na kinga isiyosasishwa haivitambui virusi vipya. Windows 11 huja na Microsoft Defender bila malipo, nayo kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani inatosha. Anayetaka nyingine aangalie kwanza vipimo vya AV-TEST ya Ujerumani au AV-Comparatives ya Austria, kisha aipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tangazo linalochomoza ghafla kwenye skrini, likipiga king'ora na kudai namba ya kadi ya benki ili “kusafisha virusi”, ni utapeli mtupu: lifungwe, lisibonyezwe.