Nani Atashika Ufunguo wa Ateliye?



Tuko na mpango wa ateliye ya wote: kutengeneza simu, redio na taa za jua. Watu wanauliza vyombo vitatoka wapi. Mimi nauliza: nani atashika ufunguo?

Wengi wetu tulivuka Kasindi, tukaishi Uganda kama wakimbizi. Kule, upande wa Arua, katika Rhino Camp, kuna shirika linaitwa CTEN. Lilianzishwa na wakimbizi wa Sudan Kusini wenyewe, Peter Batali akiwa kati yao. Hawakungoja fundi wa kutoka mbali. Vijana walijifunza kufungua kifaa kilichokufa, na aliyejua akafunza mwenzake. Sanduku lao la vyombo, ASKotec, mtu analibeba mkononi. Kazi kubwa njo ya watu.

Basi kiongozi wetu asichaguliwe kwa diploma wala kwa ukoo. Tuchague anayefunza bila kuficha ujuzi, anayeandika kila chombo kinachotoka na kurudi, na anayesoma hesabu ya kasha mbele yetu kila mwezi. Wawe watatu, na mama awe kati yao, si wa kupika chai tu. Chombo kikipotea, tusikie siku ileile, hapana siku mfadhili anapokuja.

Upande wa Beni, vijana wengi wamerudi lakini shambani hawafiki, sababu ya usalama. Tukichagua vibaya, vyombo vitaishia sokoni, na wao watabaki mikono mitupu.