Jina la Tatu



Jumatatu jioni, chai ikiwa bado haijapoa, simu yangu ilitetemeka mara sita mfululizo. Nikajua kuna mgonjwa. Kundi la WhatsApp likipiga kelele namna hiyo kabla ya taarifa ya habari, ama lina mgonjwa ama lina msiba. Nikafungua, nikaikuta orodha. Moja, fulani, elfu moja, tiki. Mbili, fulani, mia tano, tiki. Chini yake maneno tunayoyajua sote: nakili, ongeza jina lako, rudisha kundini.

Kufikia Jumatano usiku orodha ilikuwa na majina zaidi ya mia, na bili ya mwenzetu ilikuwa imelipwa. Hakukuwa na hema, wala kipaza sauti, wala mgeni wa heshima wa kungojewa.

Sisi tuliokula chumvi kidogo tunaikumbuka harambee nyingine. Jomo Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka 1963, watu walichanga mawe, mchanga, mbao na jasho. Shule nyingi za upili, majosho ya ng'ombe na zahanati za vijijini zilisimama hivyo. Kisha wanasiasa wakauonja utamu wake. Mgeni wa heshima aliyetarajiwa saa nne alifika saa nane, akatoa bahasha ya "mimi na marafiki zangu", na msema chochote akaisoma mara tatu ili mtaa wa pili usikie. Mama aliyeleta jogoo alisomwa mwisho, kama alisomwa. Na kuna miaka ambayo chifu aliweza kukunyima huduma mpaka uonyeshe risiti ya mchango. Hiari ya lazima, kama tulivyozoea kusema.

Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilijaribu kuwafunga breki wakubwa. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais Ruto akatangaza tena kuwa maafisa wa serikali wakome kushiriki harambee. Jambo likikatazwa mara mbili ndani ya miaka ishirini na kidogo, ujue lilikuwa na asali.

Lakini kilichomvua mgeni wa heshima kofia yake si sheria, ni simu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani. Watu wakaigeuza kapu la mchango. Ukame wa 2011 ulipowakaba watu wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500, na pesa zikaingia kwa kasi hata lengo likapandishwa hadi bilioni moja. Mwaka 2024 mwanahabari kijana, Hanifa Adan, alichangisha mamilioni kwa ajili ya majeruhi wa maandamano hayo ya vijana na familia zilizofiwa, kisha akaweka hesabu mtandaoni kila mtu aione. Nimehudhuria harambee nyingi. Sikumbuki hata moja ambapo mweka hazina alirudi kutusomea matumizi.

Hata ibada imebadilika. Nambari ya Paybill ya M-Pesa imebandikwa ukutani, kapu la sadaka likinifikia nalisukuma mbele kwa sababu nilishatuma, na mzee wa pembeni ananitazama kama mwizi. Na kuna wanaochanga kwa Fuliza, yaani wanakopa ili watoe. Mchumi atakwambia huo ni wazimu. Mimi naona ni heshima. Mtu hataki orodha ipite bila jina lake.

Ndiyo maana sikushangaa ripoti ya ukarimu duniani ya Charities Aid Foundation ya 2024 ilipoiweka Kenya nafasi ya pili, nyuma ya Indonesia. Wahojiwa huulizwa mambo matatu: katika mwezi uliopita, je, ulimsaidia mtu usiyemjua, ulitoa pesa, ulijitolea muda wako? Mikono yetu iko wazi, hilo halina ubishi.

Swali langu ni inamfungukia nani. Zamani tulichanga paa, na paa likishaezekwa hata mtoto wa asiyetoa senti alisoma chini yake. Siku hizi tunachanga bili. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilitoa nafasi kwa SHA, nasi tukaambiwa mambo yatakuwa mepesi, ila orodha kwenye simu yangu hazijapungua hata moja. Na bili hulipiwa mwenye watu. Aliyesoma shule fulani, aliyewahi kufanya kazi ofisi fulani, mwenye makundi manane na admini mwenye bidii, huyo atatoka wodini. Nusu ya waliochanga kwenye orodha ile hawajawahi kumwona mgonjwa. Walimjua kwa picha ndogo ya duara.

Wiki iyo hiyo, Jumapili, bawabu wa mtaa wetu alibisha mlangoni. Mkewe alikuwa amelazwa. Simu yake ni mulika mwizi, haina WhatsApp, kwa hiyo alikuja na daftari la mtoto la mistari, amelipiga rula vizuri: jina, ahadi, pesa taslimu, sahihi. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akaniambia, "Samahani mkubwa, nimeona niwapitie mmoja mmoja." Mtu huyu hunifungulia lango kila asubuhi, anajua hata siku gani nimechelewa.

Sikuwa na pesa taslimu. Nani anatembea nazo siku hizi? Nikaandika mia tano kwenye safu ya ahadi, nikatia sahihi, nikamwambia nitamtumia baadaye. Akashukuru sana, akaenda nyumba ya jirani.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta langoni, lile daftari likiwa juu ya kiti chake, liko wazi. Lilikuwa na majina manane. Langu lilikuwa la tatu, na mbele yake safu ya pesa ilikuwa bado tupu. Aliniamkia kama kawaida, akainua kizuizi nipite.