GRISI YA TRELA NI MAJI YA WATU

(Hotuba ya fundi wa karakana mbele ya Kamati ya Kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimepewa dakika chache kusema kwa niaba ya karakana. Dunia inaiadhimisha siku hii tangu mwaka 2001, na wenzangu wamezungumzia amani na masomo ya watoto. Mimi nitazungumzia grisi, nanyi mtaona inavyotuhusu sote.

Trela la maji linalovutwa na trekta lina tangi la lita 5,000. Tukihesabu lita 20 kwa mtu kwa siku, safari moja ni maji ya watu 250. Maji hayo yana uzito wa tani 5. Magurudumu ni manne, kwa hiyo kila moja linabeba tani 1 na robo, bila kuhesabu uzito wa trela lenyewe. Mzigo wote huo unakalia beringi. Waliojifunza ufundi Bukavu au Bujumbura huiita roulement, lakini chuma ni kile kile: rola ndogo zinazobingirika ndani ya habu. Kinachozuia rola hizo zisisagane ni utando mwembamba wa grisi.

Adui wa grisi ni vumbi na maji. Habu hupata moto barabarani. Trela likiingia kijitoni ghafla, habu hupoa, hewa iliyo ndani husinyaa, na maji ya matope hunyonywa kupitia sili iliyochakaa. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, kisha kutu huanza.

Dereva na utingo wanaweza kuitambua hatari mapema. Trela likisimama, wasogeze mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, ina ugonjwa. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki, likazungushwa na kunguruma, au likitikiswa na kucheza sana, trela lisiondoke.

Kazi yenyewe ni hii. Trela liwe tupu, mahali pa tambarare. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe mbele na nyuma. Baada ya jeki, egemeo imara liwekwe chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya trela lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kifuniko, toa pini na nati, vuta habu, toa sili na beringi zote mbili. Zioshe kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli isitumike, kwa sababu inawaka upesi. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Beringi ikishakauka, itazameni kwenye mwanga. Ikiwa na vishimo, imebanduka au imegeuka rangi ya bluu kwa moto, haifai tena. Badilisheni pamoja na bangili yake iliyomo ndani ya habu, maana hivyo viwili huchakaa pamoja.

Grisi mpya isichanganywe na ya zamani ya aina nyingine. Weka kiganjani, ikandamize ndani ya beringi upande mpana mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola. Kupaka juu juu hakusaidii. Weka sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, ilegeze, halafu ikaze tena kwa vidole tu, na utie pini mpya. Nati iliyokazwa mno huunguza beringi.

Ndugu zangu, kwa matrela mengi ya barabara ya lami watengenezaji hutaka kazi hii ifanyike mara moja kwa mwaka. Barabara yetu ni ya vumbi na vijito. Karakana inaomba mambo matatu. Kwanza, trela lipumzishwe siku moja kila miezi mitatu, na wakazi watangaziwe mapema ili wajaze madumu. Pili, kila trela liwe na daftari la tarehe, kazi iliyofanyika na jina la fundi, kwa sababu chombo cha wote huishia kutokuwa na mwenyewe. Tatu, sili na pini za akiba ziwekwe stoo hapa kambini. Beringi ikivunjika njiani, spea hufuatwa Mbarara, na siku hizo zote akina mama na watoto ndio wanaobeba madumu kutoka mbali.

Mafundi tunao humu humu kambini, wa kila taifa. Wapeni siku hiyo na kopo la grisi lenye kifuniko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.