Kazi Isiyo na Jina: Lugha ya Takwimu na Vipimo vya Ajira na Fedha za Utamaduni katika Miteremko ya Kilimanjaro



1.0 Utangulizi

Kila ifikapo Desemba, barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru, Marangu na Rombo hujaa magari ya wenyeji wanaorudi nyumbani. Huo ndio msimu wa harusi, ubatizo na kipaimara. Matarumbeta hulia, kwaya hufanya mazoezi hadi usiku, na akina mama huchemsha ndizi za mbege katika masufuria makubwa. Wapambaji, washereheshaji na wapiga picha hawapati usingizi. Kwa muda wa majuma machache fedha nyingi hupita mikononi mwa watu wengi. Januari inapoingia, magari hushuka, na swali moja hubaki mlimani: ni watu wangapi waliofanya kazi, na walipata nini?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Kuhesabu watu, hata hivyo, si sawa na kuhesabu kazi zao, na kazi za utamaduni ni ngumu kuhesabika kuliko nyingine nyingi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kikwazo cha kwanza cha upimaji huo ni cha lugha, na kile cha hesabu huja baadaye. Kabla mdadisi hajaandika tarakimu katika dodoso, sharti kwanza atamke neno. Na neno hilo huamua ni nani atakayeonekana na ni nani atakayepotea.

2.0 Maneno manne na uzito wake

Neno la kwanza ni ajira. Asili yake ni Kiarabu, na limo katika ukoo mmoja na ujira, mwajiri na mwajiriwa. Katika masikio ya Mswahili wa leo, mwenye ajira ni mtu aliye chini ya mwajiri na anayelipwa mwisho wa mwezi. Mtakwimu analitumia kwa maana pana zaidi: kwake, aliyefanya kazi kwa malipo au kwa faida, hata kwa saa moja tu katika siku saba zilizopita, yumo katika ajira. Maana hizi mbili hukutana mlangoni pa kaya na kupishana bila kusalimiana.

Na tuchukue mfano wa kufikirika. Mdadisi anafika katika kihamba kimoja cha Uru. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." "Mama, umeajiriwa?" "Hapana, mwanangu, niko nyumbani tu." Hapo kalamu inaweza kuandika kwamba mama huyo hana kazi. Lakini mdadisi akiuliza, "Katika siku saba zilizopita, mama, ulitengeneza chochote cha kuuza?" huenda akajibiwa, "Ee, nilipika mbege pipa moja. Nusu tulimpa jirani kwa harusi ya mwanawe, nusu tukaiuza." Mama ni yuleyule na juma ni lile lile. Kilichobadilika ni kitenzi.

Neno la pili ni sanaa. Katika Kiarabu mzizi wake unahusu ufundi na utengenezaji wa vitu, na kwa hiyo ndani yake ustadi na riziki vilikaa pamoja. Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania kimeongeza maana nyingine: kufanya usanii ni kudanganya kwa werevu. Mhunzi au mwanakwaya anayeulizwa kama yeye ni msanii ana sababu mbili za kukana: ya kwanza, hadhani kwamba kazi yake ni ya redioni au jukwaani, ya pili, hapendi kuitwa mwongo.

Neno la tatu, utamaduni, lina uhusiano na neno la Kiarabu lihusulo maisha ya mjini na ustaarabu wake. Katika matumizi ya kawaida limeelekea upande wa pili, likawa la ngoma, mavazi ya kale na mambo ya wazee. Neno la nne ni takwimu lenyewe. Kamusi za zamani zililieleza kuwa ni kalenda, yaani mpangilio wa siku. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, maana kazi za utamaduni Kilimanjaro hufuata kalenda, na utafiti wa siku saba unaofanyika mwezi Machi hauwezi kuona kilichotendeka Desemba.

3.0 Rula tatu, mlima mmoja

Nchini Tanzania zipo angalau rula tatu za kupimia sekta hii, na kila moja hutoa urefu wake.

Rula ya kwanza ni ya hesabu za Pato la Taifa, zinazotumia bei za mwaka 2015 kuwa kizio. Humo "sanaa na burudani" zina mstari wao. Mchango wake umekuwa takribani asilimia 0.3 tu ya Pato la Taifa, ingawa ukuaji wake ni wa kasi: baada ya kushuka mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, shughuli hizo zilikua kwa asilimia 19.4 mwaka 2021.

Rula ya pili ni ya hakimiliki. Utafiti uliofuata mwongozo wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO), na matokeo yake kutolewa mwaka 2012, uliona kwamba shughuli zinazotegemea hakimiliki nchini zilichangia zaidi ya asilimia 4 ya Pato la Taifa na zaidi ya asilimia 5 ya ajira. Tofauti baina ya 0.3 na 4 haitokani na uongo wa upande wowote. Mwongozo wa WIPO hujumlisha waandishi na wanamuziki, kisha huongeza utengenezaji na uuzaji wa redio, televisheni na karatasi, sehemu ya samani na nguo, na hata sehemu ya biashara na usafirishaji.

Rula ya tatu ni mfumo wa takwimu za utamaduni wa UNESCO wa mwaka 2009, uliochukua nafasi ya ule wa mwaka 1986. Huu huweka urithi wa kitamaduni na wa asili katika kundi moja. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia kwa sifa zake za asili. Kwa rula hii, ada za lango la hifadhi zinaweza kuhesabiwa kuwa fedha za utamaduni, nazo zingemeza kabisa mapato ya wahunzi, wafinyanzi na wapiga ngoma wote wa miteremkoni. Msomaji wa jumla hiyo angedhani kuwa utamaduni wa mkoa umeneemeka, kumbe kilichoneemeka ni mlima.

4.0 Kazi nne zinazopotea

Kazi ya kwanza ni upishi wa mbege. Kinywaji hiki hutokana na ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchachushwa, kimea cha ulezi, na gome chungu la msesewe. Hakuna posa, upatanisho wala mazishi ya Kichaga yaliyokamilika zamani bila mbege, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo ni ya wanawake. Katika uainishaji wa kimataifa, utengenezaji wa pombe ni kazi ya viwanda. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: kwa kanuni za hesabu za taifa, bidhaa ambayo kaya imejitengenezea kwa matumizi yake imo katika Pato la Taifa, lakini kwa azimio la watakwimu wa kazi la mwaka 2013, aliyeitengeneza hahesabiwi kuwa katika ajira. Pipa linahesabiwa, mpishi wake hahesabiwi.

Ya pili ni uhunzi. Wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, wanarithishana kazi ya kufua chuma kwa vizazi vingi. Zamani sehemu ya chuma ilitoka Ugweno katika milima ya Upare, na mikuki yao ilinunuliwa hata na Wamasai. Leo mhunzi anaweza kufua jembe la jirani asubuhi na mkuki wa mtalii jioni, kwa nyundo ile ile. Uainishaji wa kazi wa mwaka 2008 unamweka pamoja na wafua vyuma wa viwandani, na urithi anaoubeba hauna tarakimu yake.

Ya tatu ni ya wapagazi na waongoza watalii. Mpagazi huhesabiwa katika utalii au uchukuzi. Lakini kambini na langoni huombwa aimbe na acheze, na wimbo huo ni sehemu ya kile ambacho mgeni hukumbuka, tena ni sehemu ya sababu ya bakshishi yake. Kwa hiyo anafanya kazi mbili na kuandikiwa moja. Tafiti za nguvukazi huuliza juu ya kazi kuu na kazi ya ziada. Ripoti nyingi, hata hivyo, huchapisha kazi kuu, na katika utamaduni kazi ya ziada ndiyo hasa yenye watu.

Ya nne ni ya kwaya. Sharika za Kilutheri na parokia za Kikatoliki za Moshi zimelea waimbaji, watunzi na walimu wa muziki kwa zaidi ya karne moja. Mwanakwaya hujitolea, na azimio la mwaka 2013 limeipa kazi ya kujitolea kundi lake, mbali na ajira. Hilo ni sahihi. Tatizo huanza pale kwaya hiyo hiyo inapoalikwa harusini na kupewa "ahsante". Je, ahsante ni ujira? Kiswahili kina msamiati tajiri wa malipo yanayokataa kuitwa malipo: ahsante, kifuta jasho, nauli, soda, tuzo. Dodoso linaloulizia mshahara na faida peke yake halikamati hata kimoja.

5.0 Fedha: daftari la kamati ya harusi

Huwa inasemwa kwamba shughuli hizi hazina kumbukumbu. Usemi huo si wa kweli. Kamati ya harusi ni taasisi yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina kadi za michango, orodha ya ahadi na bajeti iliyoandikwa mstari kwa mstari: ukumbi, mapambo, matarumbeta, mshereheshaji, muziki, picha, keki na vinywaji. Ni vigumu kupata hati nyingine inayoonyesha kwa uwazi namna hiyo mahali ambapo fedha za utamaduni hutoka na mahali zinapokwenda.

Bajeti hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, mfadhili mkuu wa sanaa za maonyesho katika miteremko hii si serikali wala kampuni. Ni ndugu, jirani na mfanyakazi mwenzake anayelipa mchango. Pili, mchango huo ni deni la heshima linalorudishwa zamu ifikapo. Kwa hiyo fedha hizo zina tabia ya akiba, na haitoshi kuziita matumizi.

6.0 Somo la kahawa

Ugumu huu si mpya mlimani. Katika kihamba kimoja migomba na mibuni huota pamoja, ikinyweshwa na mifongo ile ile. Hata hivyo tarakimu za kahawa zinajulikana kwa kilo, na za mbege hazijulikani. Sababu yake haimo katika mmea. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Pamoja na ushirika ikaja mizani, ikaja stakabadhi, likaja daftari. Kilichopimwa kikapata bei inayojadiliwa, na wenye nacho wakapata sauti ya kuijadili. Kahawa ilionekana kwa sababu wenyewe walikuwa na chombo cha kuionyesha.

7.0 Hofu na mapendekezo

Wapo wanaoogopa kuhesabiwa, na hofu yao ina msingi: anayejulikana hufuatwa na ushuru. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya taarifa za mtu binafsi, na jambo hilo linapaswa kuelezwa kwa lugha nyepesi mlangoni pa kaya kabla ya swali la kwanza. Kwa upande wa pili, asiyehesabiwa naye hulipa. Mwaka 2020, wageni walipokoma kuja na sherehe zilipopungua, hasara ya mwenye hoteli ilikuwa na vitabu vya kuithibitisha. Hasara ya mpiga tarumbeta haikuwa na karatasi.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Mosi, madodoso yatumie vitenzi badala ya majina: "uliimba", "ulifua", "ulipika", "ulipamba", na yaulizie malipo kwa majina ambayo watu wenyewe huyaita. Pili, maswali ya utamaduni yahusu miezi kumi na miwili, yakiandamana na yale ya siku saba. Tatu, kazi ya ziada ichapishwe kando ya kazi kuu, na mapato ya urithi wa asili yatenganishwe na yale ya mikono na sauti za watu. Nne, wataalamu wa Kiswahili washirikishwe wakati dodoso linapotungwa, maana tafsiri inayofanywa baada ya maamuzi kupitishwa haiwezi kuyaponya.

8.0 Hitimisho

Mlima Kilimanjaro umepimwa urefu mara nyingi, na kila mpimaji alibidi kwanza aamue aanzie wapi. Ndivyo ilivyo kwa kipimo cha utamaduni. Mahali pa kuanzia ni pale ambapo mama anasema "niko nyumbani tu" huku pipa likichacha nyuma yake. Lugha ikifika hapo kwa adabu na kwa usahihi, hesabu itafuata. Isipofika, taifa litaendelea kusoma asilimia 0.3 na kuamini kwamba hicho ndicho kiasi cha watu wake wanaoimba, wanaofua na wanaopika.