Stesheni ya Mwisho Yokohama

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa miaka ya zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani mliojaliwa kufika, na ninyi wenzangu tuliokula ugali katika bwalo moja:

Katibu aliponiandikia alitaka niseme habari za bandari, kwa kuwa huko ndiko nilikopatia riziki mpaka nikastaafu. Nimemwomba aniruhusu nibadili. Habari za makontena na msongamano wa meli mnazisoma magazetini kila wiki. Mimi nitasema habari za stesheni moja tu ya treni, iliyo chini ya ardhi katika mji wa bandari wa Yokohama, nchini Japani, ambako nilipelekwa kwa mafunzo ya kazi mwaka 2012 nikarudi mwaka uliofuata. Na mwishoni nitaomba kitu. Wenye kuogopa maombi washike mifuko yao tangu sasa.

Stesheni hiyo inaitwa Motomachi-Chukagai. Ndiyo mwisho wa njia ya Minatomirai, reli fupi sana, kilomita 4.1 tu na stesheni sita, yote ardhini. Ilianza kujengwa mwaka 1992 ikafunguliwa tarehe 1 Februari 2004. Hesabu wenyewe: miaka kumi na mmoja na zaidi kwa mwendo ambao mzee kama mimi anaumaliza kwa saa moja na mkongojo wake. Lakini kuchimba chini ya mji wa bandari si kama kuchimba shimo la choo. Ukingo ule wa bahari una udongo laini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni bahari iliyojazwa na watu.

Jina lenyewe ni la watu wawili. Kabla ya kufunguliwa, stesheni ilikuwa na jina la muda, Motomachi, ambao ni mtaa wa maduka upande mmoja. Upande wa pili kuna Chukagai, mtaa wa Wachina, nao wakataka watajwe. Basi wakatajwa wote. Abiria analazimika kutamka jina refu kila siku, lakini hakuna aliyenuna.

Mtu asiyejua historia ataona hayo ni mambo ya wenye maduka tu. Sivyo. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, wakati mahali pale palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Wazungu na Wamarekani walipokuja kufanya biashara, wanakijiji waliondolewa ili wageni wapate makazi. Mwaka 1860 ukachimbwa mfereji kuzunguka eneo la wageni, na wenyeji wakahamishiwa ng'ambo yake, chini ya kilima. Huko ndiko Motomachi, na jina lake ni kama kusema "mji wa asili". Wachina nao walikuja pamoja na wale wafanyabiashara, kwa sababu walijua biashara ya Wazungu na waliweza kuandikiana na Wajapani kwa herufi zile zile, ingawa ndimi zao mbali kabisa. Wakakaa upande huu wa mfereji. Sasa stesheni imepita chini ya mfereji huo huo. Ukitokea mlango mmoja uko kwa Wachina na harufu ya mikate yao ya mvuke. Ukitokea mwingine uko kwa wajukuu wa waliohamishwa. Juu ya mfereji wamepitisha barabara kuu ya magari, kwa hiyo maji yale maskini hayaoni jua, lakini chini yake watu wanavuka bila kujua kwamba wanavuka.

Nisisahau kuwatetea waliopoteza. Kabla ya 2004 treni za kampuni ya Tokyu kutoka Tokyo zilikwenda mpaka Sakuragicho, na zilikuwa zikifika huko tangu 1932. Sakuragicho si mahali padogo: ndipo ilipokuwa stesheni ya Yokohama wakati reli ya kwanza ya Japani ilipofunguliwa mwaka 1872. Njia mpya ilipokuwa tayari, treni hizo zikageuzwa zishuke ardhini kwenda Motomachi-Chukagai, na kipande cha zamani kikafungwa mwishoni mwa Januari 2004. Sakuragicho ina reli nyingine hadi leo, haikufa. Lakini kwa mwenye duka lililotegemea abiria wa njia ile, habari hiyo ni faraja ndogo. Kila mnaposikia reli mpya imefika mahali, ulizeni pia imeondoka wapi.

Mimi nilibahatika kuona badiliko jingine. Tarehe 16 Machi 2013 njia hiyo iliunganishwa na reli za Tokyo na za ng'ambo ya Tokyo, makampuni matano kwa jumla pamoja na lenye njia hiyo, na treni zikawa zinatoka pale bandarini hadi Hanno na Shinrinkoen, mkoa wa Saitama, bila abiria kubadili treni. Treni ndefu zina mabehewa kumi, kila moja kama mita ishirini. Kwa kuwa ni mwisho wa njia, treni haizunguki: dereva anayeipeleka anakwenda kukaa kichwa cha upande wa pili, mwendo wa mita mia mbili hivi, na mkia unakuwa kichwa. Nilipenda kusimama kuwaangalia. Hawakimbii wala hawazembei.

Lakini kilichonifanya nisimame hapa ni kuta. Stesheni ilisanifiwa na Toyo Ito, mjenzi ambaye mwaka huo huo wa 2013 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani yake. Angeweza kutuwekea marumaru. Yeye ameziacha kuta nyeupe na kuchapa juu yake picha za zamani za Yokohama: meli, mitaa, watu wa enzi za kufunguliwa bandari. Unasubiri treni huku umezungukwa na waliokutangulia.

Na mji ule una sababu ya kushika picha. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko na moto viliuangusha karibu wote. Mtaa wa Wachina ulikuwa miongoni mwa ulioumia vibaya. Kifusi kilimwagwa baharini, na juu yake ikatengenezwa bustani ya Yamashita, iliyofunguliwa 1930, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni. Tarehe 29 Mei 1945 ndege za Marekani zikauchoma tena. Majengo ya zamani yaliyosalia ni ya kuhesabu. Meli ya abiria Hikawa Maru, iliyoundwa 1930 na kufanywa hospitali wakati wa vita, ilinusurika, nayo imefungwa gati mbele ya bustani tangu 1961.

Sasa ombi. Wote mmesoma taarifa ya kamati kwamba bwalo letu litabomolewa na kujengwa jipya. Siwapingi, paa lile limevuja tangu sisi tuko kidato cha pili, na watoto wanastahili kula pakavu. Lakini nimeiona ramani ya jengo jipya, na ukuta wa mashariki ni mtupu, mita nyingi za rangi ya krimu. Kuna waliosema picha ni anasa, na kwamba fedha ziende kwenye madawati. Nawaheshimu. Nami nimeuliza fundi: kuchapa picha kwenye vigae siku hizi si kazi ya kutisha, na gharama ya ukuta huo niko tayari kuanza kuichangia leo hii, mbele yenu.

Kinachokosekana ni picha zenyewe. Shule ina saba tu, nazo mchwa wamezionja. Zilizobaki ziko kwenu, ndani ya masanduku na chini ya magodoro: timu za mpira, wapishi, mzee wa kengele, hata ile siku bomba lilipopasuka. Andikeni nyuma majina na mwaka, kwa kalamu ya risasi, mzilete kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, maana mafundi wa kubomoa wanaanza mara tu shule itakapofungwa. Zitapigwa nakala na kurudishwa. Picha yangu ya kwanza, ya wapishi wakiwa mlangoni mwa bwalo, ninayo hapa mfukoni. Katibu, njoo uipokee.