Mwizi Alikuwa Mashine

(Mazungumzo yaliyosomwa na wanachama wa kikundi cha mashine ya kusaga, mbele ya wanakisomo wa vijiji jirani)



Leo hatukuja kujisifu. Tumekuja kuwaeleza jinsi hela yetu ilivyokuwa inapotea na jinsi tulivyoizuia. Wengi wenu mna mashine za kusaga, za kukoboa mpunga au za kukamua alizeti. Kwa hiyo maneno haya yanatuhusu sote.

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa inaendeshwa na injini ya dizeli. Wateja hawakukosekana. Tangu asubuhi madebe ya mahindi yalipangwa mpaka nje. Lakini mwisho wa mwezi, tukifungua sanduku la fedha, tunakuta kidogo sana. Tukaanza kutazamana vibaya. Wengine wakamnong'ona mtunza fedha. Kikundi kikakaribia kuvunjika.

Ndipo mama mmoja kati yetu akasema, "Jamani, tusimtuhumu mwenzetu kabla hatujaandika. Tulijifunza kusoma kwa ajili gani?"

Tukanunua daftari. Kila siku tuliandika mambo matatu: lita za dizeli zilizotumika, madebe yaliyosagwa, na fedha iliyopatikana. Mwezi ulipokwisha tukamwona mwizi. Hakuwa mtunza fedha. Mwizi alikuwa mashine yenyewe! Dizeli ilikula karibu pato lote. Tulimwomba radhi mwenzetu mbele ya mkutano.

Je, dizeli inapoteaje? Injini huchoma mafuta ili ipate nguvu. Lakini nguvu nyingi hugeuka joto. Joto hilo hutoka kwenye bomba la moshi na kwenye maji ya kupoza injini. Katika kila lita tatu za dizeli, lita moja tu, au pungufu, ndiyo inayozungusha mashine. Zilizobaki zinapasha hewa joto. Injini kuukuu hupoteza zaidi.

Wenzetu wengine walitaka tukakope siku ile ile tununue mashine mpya. Tukasema hapana, kwanza tumwite fundi. Fundi alikuta makosa manne. Mkanda ulikuwa umelegea na unateleza juu ya puli. Nyundo za ndani zilikuwa zimelika kingo, kwa hiyo punje zilizungushwa muda mrefu kabla ya kusagika. Chekeche lilikuwa limeziba. Beringi zilikuwa kavu, hazina grisi. Na kosa la tano lilikuwa letu wenyewe: tulipokea mahindi mabichi. Mahindi yenye unyevu huilemea mashine.

Tulikaza mkanda, tukabadili nyundo, tukasafisha chekeche, tukatia grisi. Mahindi mabichi tukaanza kuyarudisha yakaanikwe. Daftari likatuonyesha kwamba lita ile ile sasa inasaga madebe mengi zaidi. Na injini ilikuwa ile ile!

Baadaye umeme ukafika kijijini kwetu. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo vijiji vingi vya Tanzania vimepata umeme. Sasa tukafikiria mota. Mota nzuri ya ukubwa wa mashine zetu haipotezi nguvu nyingi. Katika kila uniti 10 za umeme, karibu 9 huzungusha mashine.

Tuchukue mfano, nanyi mwandike. Nguvu za farasi 20 ni sawa na kilowati 15. Injini ya dizeli ya nguvu hizo, ikifanya kazi yote, hutumia kama lita 4 hadi 5 kwa saa. Mota ya nguvu hizo hizo hutumia kama uniti 17 kwa saa. Zidisheni lita kwa bei ya dizeli ya kwenu. Zidisheni uniti kwa bei ya umeme. Halafu toeni. Jibu ndilo litakalowaambia kama inafaa kubadili. Msisikilize maneno ya muuzaji peke yake.

Sisi nusura tukosee. Mjini tulionyeshwa mota kuukuu ya bei rahisi. Ilikuwa imeungua, na nyaya zake za ndani zilisukwa upya. Mota ya namna hiyo, ikiwa haikusukwa vizuri, hula umeme zaidi na kupata joto upesi. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini umeme hulipwa kila siku.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, someni kibati kilichobandikwa kwenye mota. Tazameni kilowati. Kisha tafuteni alama ya IE na tarakimu yake. IE3 hupoteza umeme kidogo kuliko IE1. Kwa mota ya kilowati 15 tofauti haifiki uniti moja kwa saa. Ni ndogo, siyo? Lakini mkisaga kwa nguvu zote saa 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, zinapita uniti 900. Haba na haba hujaza kibaba.

Msinunue mota kubwa kupita kazi yenu. Na mota kubwa kama hii huhitaji umeme wa njia tatu, basi ulizeni mapema kama laini ya kijijini kwenu inao. Kazi ya kuunga nyaya mwachieni fundi mwenye leseni.

Tulinunua mota mpya. Injini ya zamani hatukuiuza, maana umeme ukikatika wateja bado wanataka unga. Tena hatuwashi mota kwa debe moja. Tunangoja madebe yafike kadhaa, kwa sababu mota ikizunguka bure bado inakula umeme.

Ndugu zetu, tunawaachia mambo matatu. Andikeni kwanza. Tengenezeni mlicho nacho. Kisha ndipo mnunue, kwa hesabu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu bado linaning'inia ukutani kando ya mashine, na kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma.